Prosesa inakula kupitia kartimeri: mbele ya kufanya overkloki, angalia VRM

Mutu akienda kununua ordinateri ya okazio pale Nyawera, maswali yake iko tatu: prosesa gani, RAM ngapi, diski ngapi. Muuzaji anajibu, wanabishana bei, basi. Karibu hakuna mutu anayeuliza kuhusu kartimeri, yaani ule ubao mukubwa wa ndani ambao vitu vyote vinachomekwa juu yake. Na ukiuliza, utajibiwa "iko muzuri, papa". Mimi nilisoma agronomia, sikusoma elektroniki, lakini kazi yangu ya kila siku inapita ndani ya mashini: takwimu za majaribio ya maharagwe, ramani za udongo, picha za satelaiti. Na nimeona mara mingi kwamba mashini mbili zenye prosesa moja, sawasawa kabisa, hazifanyi kazi moja. Tofauti iko kwenye kuranti, na namna kuranti hiyo inafika ku prosesa.

Overkloki, kwa wale wasioijua, ni kulazimisha prosesa itembee mbio kupita kasi ambayo kiwanda kiliiandikia. Unaingia ndani ya BIOS, unapandisha namba ya gigahezi, na mara mingi unaongeza tansio kidogo ili mashini isianguke njiani. Vijana wa Ulaya wanafanya hivyo juu ya michezo. Hapa kwetu kuko sababu ingine, na jina lake ni delestaji. Kama kwenu kuranti inafika saa nne ya usiku na kuondoka saa kumi, uko na masaa sita. Hesabu ya memwari yako ikiomba masaa sita na nusu, hauna kitu: unaamka asubuhi, skrini iko nyeusi, na kesho yake unaanza tena kwenye mustari wa kwanza. Nusu saa tu, munielewe, inaweza kumutoa finalisti kwenye sesio ya kwanza na kumupeleka ya pili.

Njo ilikuwa hesabu ya mwenzetu mmoja wa promosheni. Alipata mashini ya okazio yenye Ryzen 7 2700X, prosesa ya AMD iliyotoka mwaka 2018. Iko na viini 8, yaani mafundi wanane ndani ya nyumba moja, gigahezi 3.7 za musingi, na inaweza kufika 4.3 wakati kiini kimoja paka kinafanya kazi. Viini vyote vikishughulika pamoja, mashini yake ilikuwa inasimama karibu na 4.0. Yeye akavipandisha vyote mpaka 4.2. Upande wa ubaridi alikuwa amejipanga: alitoa radiateri iliyokuja na prosesa, akaweka ingine ya kusimama, ndefu kama munara, yenye vantilateri kubwa. Dakika za kwanza, furaha. Dakika ya kumi na tano hivi, kasi ikaanguka chini ya gigahezi 2, ikapanda, ikaanguka tena, sawa motokari yenye mafuta iliyochanganywa na maji. Usiku ule hesabu ilichukua muda murefu kuliko bila overkloki. Na prosesa yenyewe? Digri 71. Haina homa hata kidogo.

Sasa kama prosesa haina homa, nani anakanyaga breki?

Jibu liko kando ya prosesa, kwenye mustari wa vipande vidogo vyeusi na visanduku vya rangi ya majivu. Mafundi wanaita sehemu hiyo VRM. Kazi yake tunaweza kuielewa bila kutoka Bukavu. Kuranti yetu inatoka ku mitambo ya muto Ruzizi: Ruzizi I ya mwisho wa miaka ya 1950, karibu megawati 30, na Ruzizi II ya mwaka 1989, karibu megawati 44, ambayo tunagawana na Rwanda na Burundi kupitia SINELAC. Kuranti hiyo haitoki kule ikiwa volti 220. Inasafiri kwa tansio ya juu sana, juu waya inapoteza nguvu kufuatana na ampere zinazopita ndani yake. Tena ampere zikiwa mara mbili, hasara inakuwa mara ine. Kwa hiyo unasafirisha volti mingi na ampere kidogo, kisha karibu na nyumba za watu, kabini ya SNEL inashusha.

Ndani ya ordinateri mambo iko vilevile. Alimantasio, ile sanduku ya chuma ambayo unachomeka ku ukuta, inatuma volti 12 kupitia kamba yenye matundu 4 ao 8, ile inayoingia juu ya kartimeri pembeni ya prosesa. Lakini prosesa haitaki volti 12. Ukiipa 12, inakufa palepale. Inataka volti moja na kitu: 1.1, 1.3, 1.4 wakati mwingine. VRM njo kabini ya mwisho, sentimeta chache tu mbele ya mulaji.

Na hapa watu wanashangaa wakisikia hesabu. Prosesa ya mwenzetu ilikuwa inakula karibu wati 140 wakati viini vyote vinafanya kazi bila overkloki. AMD yenyewe, kwa prosesa za aina hiyo zilizoandikwa wati 105, iliweka mupaka wa wati 142 kwa soketi, ampere 95 za kudumu na ampere 140 za ghafula. Ampere 140! Resho ya umeme ya wati 1000 pale jikoni inavuta ampere 4 na nusu paka. Ampere zaidi ya mia, hizo ni za fundi wa kuchomelea vyuma kule Kadutu, mwenye miwani nyeusi na elektrodi. Isipokuwa kwake zinapita kwenye kamba nene kama kidole, na ndani ya mashini zinapita kwenye karatasi nyembamba za shaba zilizofichwa ndani ya kartimeri. Volti ikiwa ndogo, ampere haina budi kuwa mingi.

Namna VRM inashusha tansio iko tofauti na kabini ya SNEL. Haina transfo. Iko na vipande vinaitwa mosfeti, ambavyo ni sawa robine inayofunguka na kufungika mbio sana, mara elfu mia tatu ao elfu mia tano kwa sekunde. Robine ikifunguka sehemu moja ya kumi ya wakati, kisha ikafungika sehemu tisa, volti 12 inakuwa kwa wastani volti 1.2. Kuranti ya namna hiyo ni ya kurukaruka, prosesa haiwezi kuinywa vile. Kwa hiyo inapita kwanza ndani ya bobini, vile visanduku vya rangi ya majivu, ambayo inakataa mabadiliko ya ghafula. Halafu inajaza kondansateri, ambazo ni kama mapipa ya kuwekea maji. Wale ambao wamekwisha kuweka umwagiliaji wa matone shambani wanaelewa: pompi inaweza kusukuma kwa kurukaruka, lakini pipa ikiwa katikati, ku mimea maji yanafika polepole bila kukoma.

Kundi moja la mosfeti pamoja na bobini yake linaitwa faze. Kartimeri ya bei ndogo iko na faze 3 ao 4 kwa ajili ya viini. Ya bei kubwa 8, 12, hata zaidi. Faze zinapokezana, kila moja na zamu yake. Kama prosesa inaomba ampere 120, kwa faze 4 kila moja inabeba 30. Kwa faze 8, kila moja 15. Na kumbuka ile sheria ya mara ine: sehemu kubwa ya joto linalotoka kwenye waya na kwenye mosfeti iliyofunguka inafuata ampere mara ampere. Faze yenye kubeba 15 inapata robo tu ya joto hilo ukiilinganisha na yenye kubeba 30. Zikiwa mara mbili kwa wingi, joto la jumla la namna hiyo linakuwa nusu, na tena limetawanyika. Lakini musihesabu bobini tu mukafurahi: kuko wauzaji wa kartimeri wanaoweka bobini mbili juu ya zamu moja ili kwenye karto waandike namba kubwa. Ubora wa mosfeti yenyewe unahesabika kuliko wingi.

Sasa turudi ku overkloki, juu hapa njo moto unawaka kweli. Nguvu ambayo prosesa inakula inapanda pamoja na kasi, lakini na tansio inapanda kwa namna ya mraba: tansio mara tansio. Mwenzetu alitoka gigahezi 4.0 kwenye volti 1.3, akaenda 4.2 kwenye volti 1.4. Kasi iliongezeka asilimia 5. Tansio: 1.4 ukiigawa kwa 1.3, mara yenyewe, inatoa 1.16, zidisha na 1.05 ya kasi, unapata 1.22. Asilimia 22 ya nguvu kwa kununua asilimia 5 ya kasi! Wati 140 zikawa karibu 171, na ampere zikapita 120.

VRM nayo haipitishi vyote. Ikiwa na uwezo wa asilimia 90, ili itoe wati 171 inakula 190, na zile 19 zinabaki pale kama joto. Ikiwa ya bei ndogo na imeshapata moto, ikateremka asilimia 85, inakula 201 na joto linakuwa wati 30. Wati 30 njo nguvu ya ile chuma ambayo fundi wa radio anayeyushia bati. Na kartimeri ya mwenzetu haikuwa na radiateri juu ya mosfeti, ilikuwa wazi kabisa. Tulichukua ile termometa ya infraruji ambayo shambani tunapimia joto la majani, tukaielekeza nyuma ya kartimeri: ilipita digri 100. Kwa upande wa mosfeti zenyewe ilikuwa juu zaidi. Kartimeri, ikiona hivyo, inajikinga: inatuma alama ku prosesa kwamba ipunguze. Prosesa inatii, joto linashuka, kasi inapanda, joto linarudi. Zile kupanda na kushuka zote za usiku ule zilitoka hapo.

Kilichonifurahisha mimi (mutanisamehe, ni raha ya mutu wa takwimu) ni namna ile radiateri nzuri ilisaidia kuharibu. Ile ambayo AMD iliuza pamoja na 2700X, jina lake Wraith Prism, inapuliza upepo kuelekea chini. Upepo ukigonga prosesa unatawanyika pembeni, unapita juu ya VRM na kuipoza bila mutu kujua. Ile ya munara inapuliza kwa pembeni, juu juu, kutoka mbele kwenda nyuma. Prosesa ilipata ubaridi zaidi, VRM ikanyimwa upepo wake. Tuliweka vantilateri ndogo ya milimeta 80, tukaifunga na kamba ielekee mosfeti, na kasi iliacha kuanguka. Kipande cha dola chache.

Sisi wa agronomia tunabeba sheria ya Liebig tangu mwaka wa kwanza: mavuno yanaamuliwa na kile kinachokosekana zaidi, hayaamuliwi na kile kilicho kingi. Kwenye udongo wa asidi wa Walungu, fosfori ikikosa, mwaga azote yote unayotaka, maharagwe hayatakusikia. Prosesa ya viini 8 juu ya kartimeri ya faze 4 bila radiateri ni ile azote.

Musifikiri ni ugonjwa wa maskini tu. Katikati ya mwaka 2017 Intel ilitoa jukwaa la X299 pamoja na Core i9-7900X, prosesa ya viini 10, bei ya kutisha. Mujerumani mmoja anayejulikana sana kwenye mambo haya, Roman Hartung, wanayemwita der8auer, alitoa video akionyesha kwamba kwenye kartimeri kadhaa za bei kubwa VRM ilikuwa inapata moto kupita kiasi wakati wa overkloki, juu radiateri zake zilitengenezwa kwa uzuri wa macho, plastiki na taa, hazikuwa na mabawa ya kutosha ya kupitisha upepo. Watengenezaji wengine walikasirika, lakini kwenye kartimeri za miaka iliyofuata tuliona mabawa yakirudi.

Kuhusu upepo, Bukavu iko na baraka na deni. Baraka: joto la hapa linazunguka digri 20, na mutu wa Kinshasa ao Dar es Salaam anatuonea wivu. Deni: tuko karibu meta 1500 juu ya bahari, na hapo hewa iko nyepesi kwa asilimia 16 hivi kuliko pwani ikiwa na joto moja. Vantilateri inazunguka sawasawa, lakini kila pumzi inabeba hewa kidogo. Kwa prosesa yenye radiateri kubwa haisumbui. Kwa mosfeti zilizo uchi, zinazotegemea upepo wa bahati, ni lazima uihesabu.

Kuko jambo lingine ambalo sisi tunalijua bila kufundishwa. Saa moja ya jioni, majirani wote wakiwasha resho, taa ya kwako inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Kabini inatoa, lakini muzigo ukiongezeka tansio inaanguka njiani. Ndani ya mashini iko vilevile: prosesa ikiruka kutoka ampere 20 mpaka 120 kwa muda mufupi kuliko kupepesa jicho, tansio yake inashuka. Kondansateri zinashikilia kidogo, kisha VRM inafuata. Kama ulipanga 1.35 na wakati wa muzigo inakuwa 1.25, prosesa ya overkloki inakosea hesabu, mashini inajizima ao, mbaya zaidi, inakupa matokeo ya uongo bila kusema. Ndani ya BIOS kuko mupangilio wa kusahihisha anguko hilo, unaandikwa LLC. Wengi wanaupandisha mpaka mwisho. Mimi nakataa: muzigo ukiondoka ghafula, tansio inaruka juu kupita uliyoomba, na huo mururuko njo unachosha prosesa. Weka katikati.

Yote haya ni ndani ya sanduku. Lakini mutu wa Bukavu lazima atoke mpaka ku ukuta, juu VRM inaweza kuwa ya dhahabu na bado mashini ikalala. Alimantasio inaomba wati zake bila kujali tansio. Mashini inayovuta wati 240 ku ukuta inachukua ampere 1.1 kwenye volti 220. Jioni, tansio ikiwa 150, inachukua 1.6, na joto ndani ya alimantasio linapanda. Angalia etiketi. Ikiandikwa 100-240V, inaweza kuvumilia jioni zetu. Ikiwa ya zamani, yenye kile kidude chekundu cha kuchagua 115 ao 230, kwenye 230 haitafurahia volti 150. Kuko wenye akili ya haraka wanaosogeza kidude kwenye 115 ili mashini iwake. Wandugu, musiguse. Usiku majirani wakilala, tansio inarudi 220 ao zaidi, na kondansateri za ndani zinapasuka kama bunduki. Nunua stabilisateri.

Pia, kanuni ya ATX inataka alimantasio ishikilie karibu milisekunde 16 kuranti ikikatika, na katika nafasi hiyo inverta inatakiwa iwe imeshika. Kila wati unayoongeza kwa overkloki inafupisha nafasi hiyo. Watu wanalaumu inverta, kumbe muzigo njo uliongezeka.

Nifungue mabano kidogo juu ya vipande vyenyewe. Bati inayoshikisha mosfeti ku kartimeri: tangu Ulaya ilipokataza risasi kwenye vifaa mwaka 2006, mchanganyiko unaotumiwa sana ni asilimia 96.5 ya bati, 3 ya fedha na nusu ya shaba. Bati inatoka kwenye kasiteriti, ile inayochimbwa Kalehe na Shabunda. Kondansateri za tantali, ambazo ziko mingi kwenye ordinateri za mukononi na kwenye baadhi ya kartimeri za mezani, asili yake ni koltani, na hakuna kijana wa Kivu asiyejua jina la Rubaya. Wazazi wetu wanakumbuka sheria ya Marekani ya mwaka 2010, ile tuliyoita sheria ya Obama, na namna biashara ya madini ilikauka baada yake. Kwa hiyo ukifungua sanduku ya mashini ya okazio iliyotoka Dubai ao Ulaya, inawezekana kabisa kwamba kipande kimoja kilishapita barabara ya kwetu kikiwa mawe ndani ya gunia. Kilirudi na bei ingine. Nafunga mabano.

Mwenzetu alifanya nini mwishowe? Alitoa overkloki. Halafu tulienda upande ambao watu hawaufikirii: kushuka. Tulipanga viini vyote kwenye gigahezi 3.6 na volti 1.1, tukaijaribu usiku muzima na hesabu ambazo majibu yake tunayajua, hazikukosea. Fanya hesabu ileile: 1.1 kwa 1.3, mara yenyewe, ni 0.72, zidisha na 0.9 ya kasi, unapata 0.64. Kasi imepungua asilimia 10, nguvu imepungua asilimia 36. Prosesa kutoka wati 140 mpaka 90, ampere chini ya 85, na VRM ile ile ya faze 4, iliyokuwa inalia, ikawa vuguvugu.

Na faida kubwa inaonekana siku kuranti haipo kabisa. Yeye iko na batri ya risasi ya volti 12, ampere-saa 200. Hiyo ni wati-saa 2400; nusu tu njo unaweza kutumia bila kuiua, na inverta inakula yake, tuseme inabaki 1020. Mashini nzima, pamoja na skrini, ilikuwa inavuta karibu wati 200 kwa kawaida, 240 kwa overkloki, 140 baada ya kushusha. Chukua hesabu inayoomba masaa 6 kwa kasi ya kawaida. Kwa kawaida batri inakufa baada ya masaa 5 na dakika 6: hesabu haijaisha. Kwa overkloki, hata tukisema VRM inavumilia, hesabu inaomba masaa 5 na dakika 43, batri inatoa masaa 4 na robo: iko mbaya zaidi. Kwa mashini iliyoshushwa hesabu inaomba masaa 6 na dakika 40, na batri inatoa masaa 7 na dakika 17. Hiyo ya polepole njo peke yake inayofika mwisho.

Kama uko na kuranti ya hakika na bado unataka overkloki, sawa, mimi si askari. Lakini mbele ya kutoa pesa, fungua sanduku pale pale dukani. Angalia kama juu ya mosfeti kuko radiateri ya kweli, yenye mabawa na skuru, isiwe kipande cha mapambo kilichobandikwa na gundi. Angalia kamba ya volti 12 karibu na prosesa, matundu 8 ni bora kuliko 4. Angalia kondansateri: zile za mabati yenye vichwa vilivyovimba zimekwisha, usichukue hata kwa zawadi, kwa kila digri 10 za joto zinazoongezeka, maisha ya kondansateri ya namna hiyo yanakatwa nusu. Soma jina la chipseti pia, juu kuko kartimeri ambazo hazikuruhusu hata kugusa: kwa Ryzen za soketi AM4, A320 imefunga overkloki ya prosesa, B350 na B450 zimefungua. Kwa Intel inahitajika prosesa yenye herufi K, na kartimeri ya aina ya Z.

Na ukishafika nyumbani, weka HWiNFO, programu ya bure, uache mashini ifanye kazi ngumu nusu saa nzima. Dakika tano hazionyeshi kitu, juu VRM inapata moto polepole kuliko prosesa. Fuata mustari wa joto la VRM kama kartimeri yako iko na kipimo hicho, na mustari wa kasi ya viini. Kasi ikichora meno ya musumeno na prosesa iko chini ya digri 80, unajua sasa pa kuelekeza vantilateri.

Kwa wale wa R, swali moja la mwisho mbele ya kuingia BIOS: hesabu yako inatumia viini vingapi? R ukiiacha vile ilivyo, kazi mingi inaifanya na kiini kimoja paka, saba vinapiga usingizi. Finalisti mmoja aliniletea hesabu ya masaa tisa. Tuliigawanya juu ya viini sita, ikaisha mbele ya masaa mawili, kwenye gigahezi zilezile 3.6.